Mposaji Kutoka Ziwani

Upepo wa mwezi wa tano pale Sumbawanga hauna adabu. Hupenya kila nguo, ukaingia mikononi mwa makoti, ukamfanya mtu mzima atembee huku amejikunja kama kikongwe. Asubuhi ile Mwantum binti Hamis alikuwa amejitanda kanga mbili juu ya gauni lake la maua ya zambarau, kikapu mkononi, anatafuta maharage mekundu ambayo shangazi yake alimwambia asirudi bila hayo.

Soko lilikuwa limefurika. Akina mama waliotoka vijijini walikaa nyuma ya mafungu ya ulezi na viazi. Wauza samaki wakavu, migebuka, waliopanda kutoka ziwani walikuwa wakigombana kwa utani na wateja wao. Karibu na ukuta wa duka la nguo watu walikuwa wamefanya duara, na Mwantum hakuwa mtu wa kupita duara bila kuchungulia.

Katikati alisimama kijana mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la jeshi lililopauka, kifungo cha juu kimekatika. Alikuwa akivuta vitambaa kutoka katika ngumi yake iliyofumbwa, kimoja baada ya kingine. Macho yake yakakutana na ya Mwantum. Akamsogelea, akatumbukiza mkono katika kikapu chake kitupu, akatoa yai.

Watu wakapiga kelele. Mwantum akatazama kikapu, akatazama yai, akacheka mpaka kanga ya kichwani ikamdondoka mabegani.

Laiti kijana yule angeishia hapo! Lakini aliendelea. Akakata kamba, akaiunga. Akapoteza karata, akaipata. Akapitisha kisu katika ulimi, mate mekundu yakamchuruzika kidevuni, na mama mmoja akajivuta nyuma huku akifanya ishara ya msalaba. Akarudi kwenye vitambaa. Akarudia yai, safari hii kwa mzee ambaye hakufurahishwa hata kidogo. Watu wakaanza kujiondokea, huyu akakumbuka chumvi, yule akakumbuka mzigo wake. Mwishowe kijana alipoinama kushukuru, mbele yake alibaki Mwantum peke yake, na mbuzi wa mtu.

"Ahsante kwa kunitazama," alisema, akijitahidi kutabasamu.

"Ulikuwa umeshamaliza zamani," Mwantum akamjibu. "Ila hukujua."

"Nilimaliza lini?"

"Uliponitolea yai. Baada ya pale ulikuwa unafukuza watu."

Kijana akaweka kamba yake ndani ya sanduku la mbao, taratibu. "Na wewe ni nani, dada, hata unifundishe kazi yangu?"

"Mimi ndiye niliyebaki."

Hapo akacheka. Lilikuwa cheko la kweli, si lile la mbele ya watu, na uso wake wote ukabadilika. Akasema anaitwa Uledi, mwana wa Kasanga kule ziwani, na kwamba riziki yake hasa ni kutengeneza baiskeli mtaa wa Mazwi, kwenye baraza la rafiki yake Kornel.

"Mimi Mwantum. Binti wa Mzee Hamis mwenye duka."

"Mzee Hamis mwenye lori?"

"Huyo huyo. Kwa hiyo lete yai langu. Limetoka kikapuni mwangu, kila mtu ameona."

Uledi akampa. Lilikuwa yai la kweli, na mchana ule Shangazi Kulsumu alilikaanga bila kuuliza maswali.

*

Haukupita muda Uledi akafika dukani, nywele zimechanwa, mikono imesuguliwa ila weusi wa grisi bado uko chini ya kucha. Mzee Hamis alikuwa amekwenda Mbeya na lori lake. Kwenye kiti cha duka alikaa Shangazi Kulsumu, dada wa Mzee Hamis, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, ambaye ndiye aliyemlea Mwantum tangu mama yake alipofariki.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mimi shangazi yako toka lini?"

"Toka leo, ukinikubalia," Uledi akasema, na Mwantum aliyekuwa akikunja vitambaa nyuma ya meza akauma mdomo asicheke.

Ilikuwa hivi. Sikukuu ya Mfalme wa Uingereza ilikuwa inakaribia, na karani wa boma alikuwa amempa Uledi nafasi fupi uwanjani, baina ya kuvuta kamba na mbio za magunia. Uledi aliitaka nafasi ile sana, kisha alipoipata akaogopa.

"Mjini hapa nina majina mawili," alisema, akimtazama Mwantum. "Wengine wananiita mpuuzi. Wengine wananiita mchawi. Hilo la kwanza nalivumilia. La pili linaniondolea usingizi. Nikisimama mbele ya mji mzima nikafanya kama nilivyofanya sokoni, nitakuwa nimelithibitisha mwenyewe. Wewe uliona kasoro. Nionyeshe."

Neno uchawi si neno la kuchezea pale. Wazee walisema hata jina la mji lilitokana na wageni kuamriwa watupe uchawi wao kabla ya kuingia. Shangazi Kulsumu akamkagua kijana kuanzia viatu hadi nywele.

"Atakuja alasiri," akaamua. "Uani. Na mimi nitakaa hapo hapo nachambua maharage."

Mwantum alikuwa na sababu ya kujiamini. Kila alasiri wanawake wa jirani walikusanyika katika ua ule kushona kofia, na yeye ndiye aliyewasimulia hadithi. Alijua hadithi imewaingia pale sindano ziliposimama hewani, na alijua imewachosha pale mmoja alipoanza kuulizia bei ya uzi. Kwa hiyo alimwambia Uledi afanye michezo yake yote, naye Mwantum hakumwangalia Uledi, alimwangalia Shangazi. Mikono ya Shangazi iliposimama juu ya ungo, mchezo ule ulibaki. Mikono ilipoendelea kuchambua, mchezo ulitupwa. Kisu kilipopita ulimini, Shangazi alitema mate chini.

"Toa kitu hicho nyumbani kwa kaka yangu!"

"Kisu kimeondoka," Mwantum akasema.

"Huo ndio mchezo wangu mgumu kuliko yote!" Uledi akalalamika.

"Ugumu unaujua wewe. Mtazamaji anajua damu tu. Kwanza una michezo mingi mno, hiyo ndiyo kasoro yako. Mtu akikualika chakula, akakuwekea wali, ugali, ndizi, uji na maandazi kwa pamoja, ukiulizwa umekula nini utasemaje?"

"Nitasema nimeshiba."

"Utasema umevimbiwa. Haya, niambie. Ile kamba, kwa nini inakatika?"

"Kwa sababu nimeikata."

"Kwa nini umeikata?"

Tangu Uledi aanze kazi ile hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo.

"Unaona," Mwantum akasema kwa upole zaidi. "Unaonyesha vitu, lakini husimulii kitu. Wewe umetoka Kasanga. Basi hadithi iwe ya mtu wa huko. Kuna kijana wa ziwani, amesikia sifa za binti wa huku Ufipa, anataka kupanda kwenda kuposa. Anafungua mtumbwi, kamba inakatika. Hana nyingine. Anaibembeleza, anaipulizia, inaungana. Sasa kamba ina kazi! Anafika kwa mama mkwe na kitambaa cheupe. Mama mkwe anasema, cheupe cha nini, kuna msiba hapa? Mimi nataka chekundu."

"Napitisha ngumini, kinatoka chekundu."

"Mama mkwe anasema, na kuku wangu yuko wapi? Kijana hana kuku. Ana yai moja."

Macho ya Uledi yakaanza kung'aa. "Anavunja yai katika sufuria. Anafunika. Anafunua, anatoka njiwa."

"Mama mkwe anamtazama njiwa, anasema..."

"Ana mabawa, nimekubali!" akadakia Shangazi Kulsumu, akacheka hadi nusu ya maharage yakamwagika.

Kuanzia siku ile Uledi alikuja kila alasiri alipoweka spana chini. Mwantum alimkata maneno kama fundi anavyokata nguo iliyopwaya. Alimfundisha kunyamaza kabla ya kufunua sufuria, anyamaze hadi watu wajisikie kumsukuma. Alimfundisha kuinama na kuondoka watu wakiwa bado wanataka. Uledi alimwita Mwalimu, naye alimwita Bwana Kiinimacho, na siku Uledi alipochelewa kuja, Mwantum alijikuta ameshona kofia nzima upande usio wake.

"Ulijifunzia wapi haya?" alimwuliza siku moja.

Uledi akanyoosha mkono wake wa kulia. Kovu lilikatiza kiganja kutoka kidole cha shahada hadi kifundo. "Vitani, Burma. Nilipelekwa hospitali ya jeshi huko India, vidole havikunjiki. Kulikuwa na mhudumu mmoja, mzee wa Kihindi. Akanikatia kifungo cha koti langu, hiki kinachokosekana, akaniambia nikizungushe vidoleni kutwa kucha. Vidole vilipoanza kunitii, akaanza kunionyesha na mengine. Sikujua lugha yake, hakujua yangu. Tulicheka tu."

Mwantum akagusa lile kovu kwa ncha ya kidole. Shangazi Kulsumu akakumbuka ghafla kwamba jikoni kuna kitu kinaungua, na hapakuwa na moto jikoni.

"Mwantum," Uledi akasema kwa sauti ya chini, "nataka nikuonyeshe sufuria ilivyo. Nahitaji mtu wa kunitayarishia nyuma ya pazia. Lakini yule mzee aliniapisha. Sijamwonyesha mtu, hata Kornel."

"Basi usinionyeshe."

"Nataka wewe ujue. Niapie tu."

Mwantum akaapa. Uledi akafungua. Sufuria ile aliitengeneza mwenyewe kwa bati la debe, na kifuniko chake kilikuwa na tumbo. Ndani ya tumbo lile njiwa alikaa ametulia, na kifuniko kilipobanwa chini kilimwacha ndani ya sufuria, kikiwa kimelificha yai lililovunjwa. Kilikuwa kitu chepesi kabisa, na Mwantum alijisikia kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba.

*

Siku ya sikukuu jua liliwaka bila joto. Askari walipita kwa gwaride, ngoma zikalia, vijana wa boma wakavuta kamba na vijana wa misheni wakaburutwa hadi kwenye nyasi. Kisha Uledi akaingia. Koti lake lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa, na mahali pa kifungo kilichokosekana Mwantum alikuwa ameshona ua dogo la uzi mwekundu.

"Mabibi na mabwana," akaanza, "mimi ni mtu wa ziwani, nimekuja kuoa kwenu, na nimeanza vibaya."

Watu wakacheka kabla hajagusa kitu. Kamba ilipokatika wakamwonea huruma. Ilipoungana wakampigia makofi. Kitambaa kilipogeuka chekundu, wazee walioketi mbele walipiga mapaja. Aliposhika kifuniko cha sufuria akanyamaza. Akanyamaza zaidi. Uwanja mzima ukawa kimya hadi bendera ikasikika ikipigwa na upepo. Njiwa alipotoka, kelele iliyopigwa iliwashtua farasi wa bwana mkubwa wa boma.

Uledi akainama mara moja tu, akaondoka wakiwa wanamwita. Nyuma ya pazia alimkuta Mwantum analia na kucheka kwa pamoja.

"Hawakuondoka," akasema, anahema.

"Hawakuondoka," Mwantum akarudia. "Kipenzi changu, hawakuondoka." Na neno lile lilipomtoka wote wawili wakatazamana, kwani halikuwa kwenye mazoezi.

Baadaye watoto walimzunguka Uledi wakitaka kumgusa njiwa. Aliyepewa kwanza alikuwa Josefina, binti mdogo wa Emerensiana, jirani wa akina Mwantum, mjane aliyelima maharage na kuuza. Alimpapasa njiwa yule kichwani kwa kidole kimoja, akaenda nyumbani anaruka ruka.

Kesho yake Josefina akashikwa na homa kali. Akawa anaweweseka, na katika kuweweseka kwake akasema njiwa, njiwa.

Maneno yalienea Mazwi kama moshi. Kabla ya adhuhuri umati ulikuwa barazani kwa Kornel. Uledi alikuwa ameitwa Kaengesa kutengeneza baiskeli za misheni, na Kornel alikuwa ameshuka Matai. Pale barazani palikuwa na sanduku tu, na njiwa katika kitundu chake. Mwantum aliposikia alitupia buibui lake na kukimbia, Shangazi nyuma yake akiita. Alimkuta mwanamume mmoja ameshika kibuyu cha mafuta ya taa.

"Njiwa gani anatoka katika yai siku hiyo hiyo?" mtu yule alikuwa akisema. "Huyo si njiwa. Hiyo ni roho ya mtu. Tukichoma sanduku mtoto atapona."

"Na yeye akirudi tumchome?" Mwantum akauliza.

Mtu yule akatikisa kibuyu, na mlio wa mafuta ndani yake ulimtisha Mwantum kuliko kelele. Emerensiana alikuwa amekaa chini, Josefina mgongoni, machozi yanamtiririka.

Mwantum alikumbuka kiapo chake. Alikikumbuka vizuri sana. Kisha akafungua sanduku, akatoa sufuria, akawapa mgongo kidogo akimpachika njiwa kifunikoni, akavunja yai mbele yao, akafunika, akafunua. Watu wakaruka nyuma. Akawaambia wasogee. Akakigeuza kifuniko, akawaonyesha tumbo lake, akawaonyesha yai lililofichwa, akamrudisha njiwa, akamtoa, akamrudisha.

"Tazameni. Bati la debe. Shika, mzee. Shika wewe mwenyewe uone."

Yule mtu wa mafuta ya taa akashika. Akageuza. Akachungulia ndani. Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, kicheko cha mtu aliyeona haya, na mara baraza zima likawa linacheka. Mwantum hakucheka. Alimbeba Josefina mwenyewe hadi zahanati, na huko wakasema ni malaria, wakampa dawa, na siku chache baadaye mtoto alikuwa anafukuza kuku.

*

Uledi aliporudi kutoka Kaengesa, watoto walimpokea njiani kwa wimbo: "Kifuniko kina tumbo! Kifuniko kina tumbo!" Kornel, ambaye hakuwepo lakini alikuwa amesikia nusu ya habari, akamwambia kwamba binti Hamis alilifungua sanduku na kuwaonyesha watu siri yote, na watu walicheka mpaka basi.

Akaja uani bila kubisha hodi.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Mwantum akasema. Alikuwa amemsubiri tangu asubuhi amsimulie yote, lakini sauti ile hakuitambua.

"Uliwaonyesha kila kitu. Wakacheka."

"Walicheka, ndiyo."

"Niliapa kwa mzee wa watu. Wewe ukaniapia mimi. Kwa nini, Mwantum? Ulitaka wajue kwamba ni wewe uliyetengeneza onyesho?"

Neno hilo la mwisho lilimchoma. Angeweza kumwambia. Lilikuwa ni jambo la maneno machache: mafuta ya taa, mtoto, umati. Lakini alijiona amesimama mbele ya mtu aliyemjua kwa alasiri nyingi, na ambaye ameweza kumdhania hivyo kwa dakika moja. Akavaa kiburi chake kama koti.

"Kama hivyo ndivyo unavyonijua, sina la kukueleza."

"Huna?"

"Sina."

Uledi akasimama kidogo, kana kwamba anangoja kitu. Kisha akaondoka. Kesho yake Kornel akasema amepanda lori la samaki na kushuka Kasanga, sanduku lake begani.

Wanawake waliendelea kuja alasiri na kofia zao. Mwantum aliwasimulia hadithi, na sindano hazikusimama. Mwishowe alianza kusema kichwa kinamwuma. Shangazi Kulsumu alivumilia hadi mvua za kwanza, kisha akapasuka.

"Utanyamaza mpaka lini? Kijana hakuambiwa, na wewe hukumwambia. Mimi nikimfuata kumweleza utasema nimekudhalilisha. Haya, binamu yangu wa Kasanga anaozesha mwana. Baba yako anapeleka chumvi na sabuni huko. Tunakwenda."

"Mimi siendi kumwangukia mtu miguuni."

"Nani kasema miguu? Unakwenda arusini."

Waliondoka alfajiri, Mzee Hamis kwenye usukani. Nyuma juu ya magunia, Mwantum alishtuka kumkuta Emerensiana na Josefina, pamoja na magunia ya maharage ya kuuza melini. Lori liliteremka mlima kona baada ya kona, hewa ikazidi kuwa nzito na ya moto, kanga zikavuliwa moja moja, na mara ziwa likajitokeza chini, jeupe kama sahani.

Uledi alikuwa gatini, anapakua mizigo na wenzake, kifua wazi. Alipoliona lori alisimama na gunia mgongoni. Mwantum akageuza uso, akajishughulisha na kufunga ushungi ambao haukuwa umefunguka.

Hakujua kwamba Emerensiana ameshateremka. Mjane yule alimwendea Uledi moja kwa moja, akapiga magoti kwenye mawe ya gati, akamvuta Josefina naye apige magoti.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya hilo. Maharage ni kisingizio."

Uledi akatua gunia. "Simama, mama. Nikusamehe nini?"

"Nilikaa pale nikawaacha walete mafuta ya taa. Mtoto alikuwa ananiwakia mgongoni, nikaamini kila nilichoambiwa. Wangekuchoma na wewe siku uliyorudi. Kama si huyu Mwantum kufungua sanduku lako na kuwaonyesha lile bati, leo ningekuwa na dhambi kubwa."

Uledi akamwinua Emerensiana kwa mikono miwili, akamshika Josefina kichwani. Kisha akatembea hadi kwenye lori.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza kilichotokea," Mwantum akasema, bado anatazama ziwa. "Uliuliza kwa nini nimekusaliti."

"Nilikosa." Akavuta pumzi. "Nilikosa, Mwantum. Nilipofika hapa nilimlaumu kila mtu. Halafu nikajaribu kufanya onyesho mbele ya mabaharia, nikasikia sauti yako kila mahali. Kwa nini kamba inakatika? Nikashindwa kuendelea."

Mwantum akamgeukia. Alikuwa amekonda, na chumvi ya jasho ilikuwa imemkaukia mabegani. "Na mimi nilikosa," akasema. "Nilikuwa na maneno mdomoni nikayameza, ili nikuadhibu. Nimejiadhibu mwenyewe miezi yote hii."

"Sufuria imekufa lakini," akasema Uledi, akijaribu kucheka. "Mpaka hapa Kasanga watoto wanaujua wimbo. Tuna hadithi isiyo na mwisho."

"Nani kasema?" Mwantum akasogea ukingoni mwa lori, macho yamechangamka kama zamani. "Wote wanajua kifuniko kina tumbo. Vizuri! Basi mama mkwe naye anajua. Unafunika yai, yeye anakunyang'anya kifuniko, anakifungua mbele ya watu wote, anasema, wewe kijana unanidanganya mimi? Umeumbuka. Watu wanakucheka. Unakiri, unasema, mama, nilikuwa sina kuku, nilikuwa na haya. Naye kwa kuwa umesema kweli, anakupa binti."

"Na njiwa?"

"Sufuria iko wazi, tupu, kila mtu anaiona. Njiwa anatokea pengine. Hapo sasa ni kazi yako, Bwana Kiinimacho. Mimi sitaki hata kujua."

Midomo ya Uledi ilianza kucheza, na Mwantum aliona vidole vyake vimeshaanza kutafuta.

"Inaweza," akasema polepole. "Inaweza kabisa. Lakini mama mkwe atakuwa nani? Anatakiwa mtu wa kunifokea kweli kweli."

Kutoka upande wa pili wa lori ikasikika sauti nzito: "Nani anataka kufokewa?"

Na hivyo ndivyo Shangazi Kulsumu, katika arusi ya mwana wa binamu yake, alivyosimama mbele ya watu wa Kasanga na kumfokea mposaji wa ziwani hadi wavuvi wakalia kwa kucheka. Sufuria ilipofunguliwa watu waliimba wimbo wao wa kifuniko. Kisha Uledi akanyamaza, kimya kile kirefu, na njiwa akapuruka kutoka chini ya kofia ya bwana arusi. Hata Mzee Hamis alisimama.

*

Posa ililetwa Sumbawanga baada ya mavuno. Wazee wa Kasanga walikaa mkekani pamoja na Uledi, aliyevaa kanzu mpya na kofia ambayo mishono yake Mwantum aliijua. Nyuma ya pazia Mwantum alikaa na Shangazi, mikono yake baridi kama maji ya kisima.

"Kijana," alisikia sauti ya baba yake, "nina binti mmoja tu. Utamlisha nini, mayai ya hewani?"

"Mzee, michezo ni ya sikukuu. Siku nyingine natengeneza baiskeli, na Sumbawanga baiskeli hazichoki kuharibika."

Wazee wakacheka kidogo. Mzee Hamis hakucheka. "Na kazi hiyo ya michezo. Ni kazi ya kudanganya watu."

"Ni kweli," Uledi akasema. "Lakini wanajua nawadanganya, na wanakuja wenyewe. Nyumbani kwangu sitadanganya. Niliwahi kumdhania Mwantum vibaya bila kumsikiliza, nikampoteza karibu nusu mwaka. Sirudii."

Mzee Hamis akakohoa, akasema kwa sauti ya desturi: "Dada, muulize binti. Akinyamaza tutajua ameridhia."

Shangazi Kulsumu akamgeukia Mwantum kama ilivyo ada, tayari kuhesabu kimya chake kuwa jibu na kupeleka habari. Mwantum alikuwa ameinamisha kichwa, ushungi umemfunika uso. Alimsikia Uledi upande wa pili akijisogeza mkekani. Akakumbuka jinsi alivyosimama uani siku ile akingoja neno moja, na yeye akamnyima.

Akainua kichwa.

"Baba," akaita kwa sauti iliyopita pazia na kufika mpaka barazani, wazee wakageuka wakatazamana. "Sinyamazi. Nimemkubali."

Shangazi Kulsumu akajipiga paja. Halafu, kabla mzee yeyote hajapata la kusema, akapiga kigelegele.